Mzee Ojwang Katika Nchi ya Turkana

Katika watu wote waliopata kuigiza mbele ya kamera nchini Kenya, sidhani kama yuko aliyependwa na watu wa makabila mengi, tena kwa muda mrefu, kumshinda marehemu Benson Wanjau, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa geni hata katika masikio ya wale waliomsubiri kila juma, kwa kuwa jina la Mzee Ojwang Hatari lilikuwa limelimeza zamani. Alifariki dunia tarehe 12 Julai 2015 katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, akiwa na umri wa miaka 78. Tanzia zilizoandikwa wakati ule zilikuwa nyingi, na baadhi yake zilikuwa nzuri. Lakini ziliandikwa na watu wa mji mkuu, ambao kwao runinga ni kitu walichokikuta sebuleni walipofumbua macho, na kwa sababu hiyo hazikusema lolote juu ya namna mtu yule alivyotufikia sisi wa Lodwar na Kakuma, wala juu ya kazi aliyoifanya alipotufikia, ambayo kwa maoni yangu ilikuwa kubwa kuliko kuchekesha.

Runinga ilianza kurushwa Kenya mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru, kutoka mtambo uliosimikwa Limuru. Na mwaka 1964 serikali ikalitwaa Shirika la Utangazaji la Kenya, KBC, na kuliita Sauti ya Kenya, jina lililodumu hadi 1989 liliporudi kuitwa KBC. Miaka hiyo Turkana ilikuwa mbali na mambo hayo, wala si kwa umbali wa njia peke yake. Wakoloni walikuwa wameifanya wilaya iliyofungwa, mgeni haingii ila kwa kibali, na walipotaka kumweka Jomo Kenyatta mahali ambapo watu wake hawatamwona wala hawatamsikia walimleta Lokitaung, kisha Lodwar; na baada ya uhuru, ijapokuwa kibali kiliondoka, barabara ya Kitale ilibaki ileile, yenye kuteremka milima, kupita Kainuk na Lokichar, na kuyavunja malori springi kabla hayajauona Mto Turkwel. Kilichotufikia bila ya kuchoka njiani ni redio. Mimi nimekulia Lodwar, na katika utoto wangu mwigizaji alikuwa mtu asiye na uso: tulimjua Kipanga Athumani kwa sauti, tukabishana kama ni mnene au mwembamba, na kila mmoja akaenda kulala na Kipanga wake.

Mzee Ojwang nilimwona kwa macho yangu katikati ya miaka ya themanini, nilipokuwa nikisomea ualimu huko kusini, katika ukumbi wa chuo ambamo runinga ilifungiwa ndani ya sanduku la mbao, na ufunguo wake ukawa kwa mlinzi, ambaye siku ya Vitimbi, mchezo wa mzee huyo wa kila juma, alipata heshima ambayo mkuu wa chuo hakupata kuiona. Mchezo wenyewe haukuwa na mambo makubwa. Alikuwapo mzee mwenye koti kubwa, kofia na miwani, mwenye mke aliyeitwa Mama Kayai, na mbele yao wakapita watumishi wavivu, wageni wenye hila, wadeni na jamaa wasioalikwa, almuradi kila juma palizuka kisa kidogo cha fedha au cha aibu, mzee akakitatua kwa kukifanya kibaya zaidi, na Mama Kayai akaja kukimaliza kwa ulimi wake. Mapazia ya seti yalikuwa yaleyale, na mara nyingine kivuli cha kipaza sauti kilionekana ukutani. Hapana aliyejali. Mtu akitazama leo, baada ya kuzoea michezo iliyopigwa picha kwa kamera nyingi na taa za kila rangi, atashangaa jinsi waigizaji wale walivyoachiwa kubeba kila kitu kwa uso na mikono yao, kwa kuwa kitu kingine cha kubebea hakikuwapo.

Jambo nililolijua baadaye, na ambalo lilibadili namna yangu ya kumtazama, ni kwamba Mzee Ojwang, mwenye jina la Kijaluo, hakuwa Mjaluo. Wanjau alikuwa Mkikuyu. Na Mary Khavere, aliyekuwa Mama Kayai, naye hakuzaliwa Mjaluo. Watu wawili wasio wa nyumba ile waliijenga nyumba ya Kijaluo mbele ya taifa zima, wakaishi humo kwa miongo, na Wajaluo wenyewe wakaikubali kuwa ni yao. Hapa ndipo penye siri ya ustadi wake, nami nitapakalia kidogo, kwa sababu waigizaji wengi wa kuchekesha waliomfuata walidhani kwamba siri hiyo ni lafudhi tu. Lafudhi aliiweza, ni kweli: sh ikageuka s kinywani mwake bila ya jitihada, na sentensi yake ya Kiswahili ikapanda na kushuka kwa mwendo wa watu wa Nyanza. Lakini mwigizaji dhaifu akiiga watu wa kabila jingine huchukua makosa yao akaacha fahari yao, na Wanjau alianza na fahari. Mzee wake alijiona mtu mkubwa. Alivuta koti kabla ya kusema, akainua kidevu kabla ya kudanganya, na alipobanwa na ukweli aliomba radhi kwa taadhima ya mtu anayetoa msamaha badala ya kuuomba. Mtazamaji alimcheka, lakini hakumdharau. Na baina ya kumcheka mtu na kumdharau ndipo penye sanaa yote ya uchekeshaji.

Walikuwapo, na wapo hadi leo, mabingwa wa Kiswahili waliochukizwa na Vitimbi na ndugu yake Vioja Mahakamani, wakisema kwamba michezo ile inaharibu lugha, inaifanya sarufi kuwa dhihaka na kuwafundisha watoto kusema ovyo. Mimi nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote, tena katika wilaya ambayo mtoto huingia darasani hajui neno lake moja, na sikubaliani nao hata kidogo. Mwanafunzi wa Kiturkana aliyekifahamu Kiswahili kwa kitabu tu alikiona kuwa ni lugha ya mtihani, ya polisi na ya mwenye duka. Alipomsikia Mzee Ojwang akigombana kwacho, akibembeleza, akikopa na kujisifu kwacho, aliona kwamba lugha ile ina nafasi ya mtu mwenye ulimi kama wake, asiyezaliwa nayo, na kwamba mtu anaweza kuikosea na bado akawa na la kusema. Kumsahihisha ilikuwa kazi yangu mimi. Kumtia hamu haikuwa kazi niliyoiweza peke yangu.

Niliporudi Lodwar nikiwa mwalimu, runinga zilikuwa za kuhesabika, nazo zilikuwa katika nyumba za maofisa, katika misheni, na katika mikahawa michache iliyokuwa na jenereta, na hata kuziona hakukuwa na maana ya kuona picha, kwani jioni nyingi kioo kilijaa mchanga kama ule uliokuwa nje. Kanda za video ndizo zilizotuokoa. Aliyetoka Kitale au Nairobi alikuja nazo katika mfuko, vipindi vimerekodiwa kutoka kwenye runinga ya mtu, pamoja na nusu ya taarifa ya habari iliyotangulia, na mwenye mkahawa akatoza kiingilio kidogo au akalazimisha chai. Wazee wa Kiturkana walioingia mjini kuuza mbuzi waliketi nje ya mlango juu ya ekicholong zao, vile viti vidogo vya mti ambavyo mchana huwa kiti na usiku huwa mto, wakatazama kwa ukimya usiomfurahisha mwenye mkahawa. Nakumbuka mmoja wao aliniuliza kama yule mwanamke ni mke wake kweli, na nilipomwambia kwamba wanalipwa kwa kugombana vile, alifikiri kitambo, kisha akasema kwamba basi serikali ya Nairobi ina fedha nyingi kuliko alivyodhani. Kwa kweli hazikuwa nyingi, na waigizaji wale walilijua hilo kuliko yeye. Lakini nitarudi kwa jambo la ujira.

Kisha ikaja kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Kabla ya mwaka 1992 Kakuma kilikuwa kituo kidogo kando ya laga ya Tarach, yaani mto wa msimu, kilomita zipatazo 120 kutoka Lodwar kwenye njia ya Lokichoggio, penye misheni, maduka machache na mikoma ya kujengea vibanda. Mwaka huo ndipo walipoletwa wale vijana wa Sudan ya kusini ambao ulimwengu uliwaita wavulana waliopotea, waliokuwa wametembea kwenda Ethiopia kukimbia vita, wakafukuzwa huko baada ya serikali ya Mengistu kuanguka mwaka 1991, na wakatembea tena hadi mpakani mwetu. Wakafuatwa na Waethiopia, Wasomali, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Waganda, hata leo kambi pamoja na makazi ya Kalobeyei, yaliyofunguliwa mwaka 2016, ina watu zaidi ya laki mbili. Nilihamishiwa Kakuma katika miaka hiyo ya mwanzo, na nikauona mji ukizaliwa mbele yangu: soko la Wahabeshi likipata mikahawa, soko la Wasomali likipata maduka ya jumla, na katika yote mawili vikiota vibanda vya video, vya matope na mabati, ambamo mchana wa jua kali watu walijibana gizani kutazama sinema za Kihindi, za karate, na baadaye za Nigeria.

Mwanzoni Mzee Ojwang hakuwa na soko katika vibanda vile. Mkimbizi kutoka Bor au Mogadishu hakumjua Mjaluo wala Mkikuyu, na mzaha wote wa Vitimbi umejengwa juu ya kujuana. Walioleta mabadiliko ni watoto. Wanafunzi wetu, wenyeji na wakimbizi, walichukua vituko vyake shuleni, na siku za tamasha ya michezo ya kuigiza niliona mambo ambayo mtu wa Kisumu angelipia nauli kuyaona: mvulana wa Kidinka mwenye urefu wa mlango, amevaa koti la mwalimu, akiigiza mzee wa Kijaluo aliyeigizwa na Mkikuyu, ilhali msichana wa Kiturkana akimfokea kwa sauti ya Mama Kayai. Lafudhi ilikuwa imepita katika vinywa vingi hata haikuwa tena ya mtu yeyote. Mvulana yule, hata hivyo, alivuta koti kabla ya kusema, na akainua kidevu.

Mwaka 2001 lilikuja shirika la FilmAid, lililokuwa limeanzishwa miaka miwili nyuma kwa ajili ya wakimbizi wa Kosovo, likaleta lori lenye kiwambo kikubwa, na jua lilipozama likaonyesha filamu uwanjani kwa maelfu ya watu waliokaa mchangani. Filamu nyingi zilikuwa za mafunzo, juu ya ukimwi, kipindupindu na kupeleka wasichana shule, na kama zilivyo filamu za mafunzo kila mahali, baadhi yake zilichosha hata wadudu walioizunguka taa. Lakini shirika lile lilifanya jambo moja la maana kuliko kuonyesha: liliwapa vijana wa kambini kamera, likawafundisha kuandika, kupiga picha na kuhariri, na kutoka hapo wakatokea watu wanaojiongoza wenyewe, kama Amina Rwimo, mkimbizi kutoka Kongo, aliyeshiriki kuanzisha Exile Key Films hapa kambini. Hivyo katika muda usiofika umri wa mtu mmoja, nchi ambayo mwigizaji wake hakuwa na uso ikawa nchi inayotengeneza nyuso za kwenye kiwambo.

Niliahidi kurudi kwa jambo la ujira, na kwa hilo narudi kwa Wanjau mwenyewe. Maisha yake ya uigizaji yalichukua takriban miaka thelathini, karibu yote katika shirika la taifa, na katika miaka hiyo alishuhudia kila kitu kikibadilika ila yeye. Mwaka 1990 ikaanza KTN, runinga ya kwanza isiyo ya serikali. Ikafuata Nation, ikafuata Citizen. Wakaja vijana wa Redykyulass waliothubutu kumwiga Rais Moi, jambo ambalo lingewatia gerezani miaka kumi nyuma. Akaja Papa Shirandula, yaani marehemu Charles Bukeko, aliyefariki mwaka 2020. Ukaja uchekeshaji wa kusimama peke yako na kipaza sauti, wenye tikiti na wadhamini. Walioishika njia hiyo walinunua magari. Wanjau aliendelea kuvaa koti lilelile. Mwaka 2012 ikajulikana kwamba macho yake yameingia giza na kwamba hana uwezo wa kujitibu, na Wakenya, walipomwona katika hali ile, wakachanga fedha ili afanyiwe upasuaji. Mchango ule ulisifiwa sana, na waliotoa wana thawabu zao. Lakini mtu aliyelichekesha taifa kwa muda kama ule, ambaye vipindi vyake vilirudiwa na kurudiwa, hakustahili kungoja sadaka. Alistahili ujira wake, mdogo ikiwa ni mdogo, kila mara uso wake ulipotumika.

Kuna jambo jingine katika maisha yake ambalo sikuliona limeandikwa vya kutosha. Mwishoni mwa Desemba 2007 na katika majuma ya mwanzo ya 2008 Wakenya waliuana kwa sababu ya uchaguzi, na mstari mmoja mkubwa wa mauaji yale ulipita baina ya Wakikuyu na Wajaluo. Huku kwetu vita vile havikufika kwa mapanga, vilifika kwa ukosefu: malori ya Kitale yakasimama, unga ukapanda, mafuta yakaisha, na walimu wenzetu wa kutoka kusini wakawa wanakaa pamoja katika chumba kimoja cha walimu, Mkikuyu na Mjaluo, kila mmoja akisikiliza redio yake kwa sauti ya chini na kujifanya hasikii ya mwenzake. Wakimbizi walitutazama kwa huruma ya watu wanaoujua mwanzo wa habari. Jioni moja katika siku zile mkahawa ulikuwa na umeme, na aliyeonekana kwenye runinga ni Mzee Ojwang. Walimu wale walikaa. Walicheka mahali pale pale walipocheka siku zote, mmoja kwa sababu mzee yule ni wa kwao kwa jina, na wa pili kwa sababu ni wa kwao kwa damu. Sitasema kwamba mchezo uliwapatanisha, kwa kuwa hawakuwa wamegombana. Ila nitasema kwamba katika nchi nzima wakati ule sikuona mtu mwingine ambaye watu wale wawili wangeweza kumtazama pamoja.

Mwaka 2015, mwaka aliofariki, ndio mwaka ambao mitambo ya zamani ya kurushia runinga ilizimwa Kenya, na kila nyumba ikalazimika kununua king'amuzi. Lodwar watu walilalamika, kisha wakanunua. Kakuma wengi walikuwa wameshahamia kwenye madishi ya setilaiti, kwa ajili ya mpira wa Uingereza, na vijana wakahamia kwenye simu. Ulimwengu uliomtengeneza Mzee Ojwang, wa runinga moja, jioni moja na taifa zima mbele yake, ulifungwa rasmi mwaka ule.

Mwaka mmoja kabla ya hapo ilikuwa imetoka filamu ya Marekani iitwayo The Good Lie, iliyoongozwa na Philippe Falardeau wa Kanada, yenye habari za wavulana wale wa Sudan waliotoka Kakuma kwenda Marekani. Nyota iliyowekwa mbele ni Reese Witherspoon, lakini waliobeba filamu ni Arnold Oceng, Emmanuel Jal, Kuoth Wiel na Ger Duany. Duany, aliyezaliwa Akobo, alikuwa mtoto wa vita kabla ya kupelekwa Marekani, akaanza kuigiza mwaka 2004 katika filamu iitwayo I Heart Huckabees, na baadaye UNHCR ikamfanya balozi wake mwema. Emmanuel Jal naye alipata kushika bunduki akiwa mtoto. Sisi wa Kakuma tuliitazama filamu ile kwa udadisi wa mtu anayetazama nyumba yake, tukagundua kwamba nyumba haimo: sehemu zake za Afrika zilipigwa picha Afrika ya Kusini. Mchanga haukuwa mchanga wetu, na Waturkana, ambao ardhi ni yao, hawakuonekana. Ng'ambo ya Ziwa Turkana, Loiyangalani, walau walibahatika, kwani watengenezaji wa filamu ya The Constant Gardener walifika pale wenyewe.

Silaumu sana. Waigizaji wale walifanya kazi nzuri, nami nilimwamini Duany katika kila hatua. Lakini filamu ile ilianzisha, au ilitia nguvu, mtindo ambao sasa umeenea kambini: kwamba mkimbizi akisimama mbele ya kamera, sharti asimulie mkasa wake mwenyewe. Wafadhili huja wakiutafuta mkasa, vijana wameshajua hivyo, na nimeona wasichana wenye kipawa cha hali ya juu wakirudia kifo cha baba yao mara kwa mara mbele ya wageni, hadi machozi yakawa yanatoka kwa saa. Ushahidi una thamani yake, na dunia ina haja nao. Uigizaji ni kitu kingine, na kijana anayetakiwa kuwa yeye mwenyewe daima huwa amefungiwa mlango wa kazi hii siku ya kwanza.

Kwa sababu hiyo nilifurahi, baada ya kustaafu, alipokuja kwangu kijana mmoja wa Kongo, mzaliwa wa Kivu, na karatasi mkononi. Kikundi chao kilikuwa kinatengeneza mchezo mfupi juu ya ugomvi wa kuni, jambo ambalo hapa limepata kumwaga damu, kwa kuwa kambi haipiki bila ya kuni na miti ni ya wenyeji. Alitaka nimsahihishie Kiswahili cha mazungumzo. Nilipouliza yeye atakuwa nani, akasema, "Mwalimu, nimeomba wanipe yule mzee wa Kiturkana."

Nilimpeleka kwa jirani yangu, mzee wa makamo yangu, nikamweleza shida ya kijana. Mzee akakubali kutazamwa, kwa sharti la tumbaku. Kijana alikaa naye asubuhi nyingi, na kwa muda mrefu sikuona alichokuwa anajifunza, kwa maana hakuuliza kitu. Lakini alikuwa anaona. Aliona kwamba mzee haikalii ekicholong mpaka ameipangusa kwa kiganja na kuipa uso upande wa kivuli. Kwamba shuka hukunjwa upya begani kila anapotaka kupinga neno. Kwamba akikasirika kweli hamtazami mtu, huchora mchangani kwa fimbo na kuisemesha ile michoro. Na kwamba jibu la kukubali halitoki mdomoni, hutoka kooni, ni mguno mfupi unaomtaka msemaji aendelee. Maneno ya Kiturkana aliyojifunza yalikuwa machache sana. Katika mchezo alitumia Kiswahili karibu chote, na Kiswahili hicho alikivunja kwa adabu, pale tu ambapo mzee yule angekivunja.

Mchezo ulipoonyeshwa, jirani yangu aliketi mbele pamoja na wazee wengine. Walicheka mwanzoni, kijana alipoipangusa ekicholong. Kisha ikaja sehemu ambayo mzee wa mchezo anavikuta visiki vya miti aliyoachiwa na baba yake, akaketi, akachora mchangani bila ya kumtazama msichana aliyekata kuni, na kicheko kikaisha. Tulipokuwa tunarudi nyumbani jirani yangu aliniuliza, "Mwalimu, huyu kijana ni mtoto wa nani?"

"Ni Mkongo, mzee. Si umekaa naye?"

"Sikuulizi alikotoka. Nauliza ni mtoto wa nani, maana hasira ile ni ya watu wetu."

Kijana nilimpelekea maneno yale, akainamisha uso kwa haya. Nikamuuliza kama anamjua Mzee Ojwang. Alikuwa amemwona kwenye simu, vipande vifupi vya dakika moja au mbili, akadhani ni Mjaluo aliyechukuliwa kutoka kijijini kwake akawekwa mbele ya kamera. Nilipomwambia kwamba yule alikuwa Mkikuyu, alinyamaza kidogo, halafu akaomba kuona kipindi kizima, kutoka mwanzo hadi mwisho. Sikuwa nacho. Mkahawa uliokuwa na kanda ulishafungwa, na kanda zenyewe nadhani zililiwa na joto.

Basi ninalo ombi, nalo nawaelekeza wanaohusika. KBC ndiyo iliyotengeneza Vitimbi, na vipindi vyake ni mali ya taifa kama yalivyo makaratasi ya kumbukumbu za serikali. Kila kilichosalia kihifadhiwe kwa njia ya kisasa, na kionyeshwe kizima, si kwa vipande. Kila kinapoonyeshwa, waigizaji au warithi wao walipwe, kwa kuwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inazitambua haki za waigizaji, na chama cha kuzikusanya, PRISK, kilianzishwa 2009. Serikali ya kaunti iliyoko Lodwar, ambayo hutumia fedha kwa tamasha za utamaduni, itenge jioni chache kwa ajili ya waigizaji, na vijana wa kambini waalikwe pamoja na wenyeji. Ukumbi Lodwar upo, na Kakuma wako watu wanaojua kutundika kiwambo tangu 2001. Kilichobaki ni barua ya kuomba kanda, na hiyo niko tayari kuiandika mimi.